Autokrosi: maneno ya gerejini na ukweli wake

"Kama huna gari la turbo, usijisumbue." Taja autokrosi, mchezo wa kukimbiza gari kwenye uwanja uliofungwa ukishindana na saa, gereji yoyote hapa Malindi na hilo litakuwa la kwanza kuambiwa. Halina msingi. Njia yenyewe ni fupi, kona zimebanana, na sehemu kubwa huendeshwa kwa gia ya pili, kwa hiyo injini kubwa haipati pa kujinyoosha. Tena magari hupangwa kwa madaraja. Probox haiwekwi kundi moja na gari la mashindano. Kule Marekani, Mazda MX-5, kigari chepesi kisicho na nguvu za ajabu, ni kipenzi cha mchezo huu miaka na miaka.

Wengine husema ni Safari Rally ndogo. Ile, iliyoanza 1953, hupita barabara za porini, na dereva ana mwenzake wa kumsomea njia. Autokrosi ni uwanja uliofungwa. Kenya huwa ni wa vumbi. Marekani mara nyingi ni lami ya maegesho iliyopangwa koni, na mzunguko huisha kwa dakika moja hivi. Unashindana na saa.

"Koni ni plastiki tu." Haya, igonge uone. Kwa kanuni za SCCA, chama cha michezo ya magari cha huko Marekani, kila koni inayoangushwa au kutolewa kwenye alama yake huongeza sekunde 2, na watu hupishana kwa sehemu za kumi za sekunde. Ndiyo maana njia hutembewa kwanza kwa miguu. Mgeni huitembea akipiga soga. Mzoefu huchuchumaa kila baada ya hatua kadhaa, macho yakiwa usawa wa kiti cha dereva, maana koni zinazoonekana wazi ukisimama huchanganyikana ukiketi.

Halafu wapo wanaoamini gari likiwaka basi liko tayari. Kabla ya kuingia kuna ukaguzi: nati za magurudumu, breki, mafuta yanayovuja, betri. Hapo kwenye betri sisi wa pwani tujiangalie. Chumvi ya bahari hula kibano kinachoishikilia, fundi anafunga kipande cha tyubu, na maisha yanaendelea. Mkaguzi anaishika betri na kuitikisa, ikicheza, huingii. Toa pia jeki, chupa za maji na mkeka wa dereva, usije ukajikunja chini ya pedali ya breki. Kuhusu helmeti, soma kanuni za waandaaji kabla ya kuazima ya bodaboda.

Na wale wa "nitafanya mazoezi ufukweni usiku": maji ya chumvi yatakula gari lako, na kasa hutaga mayai kwenye mchanga huohuo. Tafuta kiwanja kitupu, omba ruhusa kwa mwenyewe, anza polepole. Mashindano rasmi nchini husimamiwa na Kenya Motor Sports Federation; ulizia huko leseni na madaraja kabla hujanunua hata tairi moja.