Nondo haiwi tindo kwa kuipiga maji: dhana potofu za karakana za nyumbani

Wiki iliyopita kaja kijana hapa kwangu Mbagala, ana kibanda chake nyuma ya nyumba, ndani kuna grenda ya mezani, drili na mashine ndogo ya kukerezea aliyoipata mtumba, kazi yake ni ya ofisini kwa hiyo jumapili ndo anaingia kibandani anajitengenezea vifaa vyake mwenyewe, na mimi watu wa namna hii nawapenda sana. Kaniletea tindo. "Shikamoo fundi, hii nimeichoma mpaka ikawa nyekundu kabisa nikaitosa kwenye ndoo ya maji, mbona nikigonga makali yanajikunja?" Nikamuuliza chuma gani hiki, akanijibu nondo ya milimita 16. Mwaka huu peke yake huyo ni wa nne, na wote wanne wanasema kitu kilekile kwa maneno yaleyale, kwamba chuma ukikichoma kikawa chekundu ukakipiga maji ya baridi kinakaza. Chuma chochote. Chuma ni chuma.

Hapana jamani, chuma sio chuma tu.

Ugumu hautoki kwenye maji, unatoka kwenye kaboni iliyomo ndani ya chuma, maji kazi yake ni kupoza haraka basi. Ukikichoma kikapita kama digrii 730 na kuendelea, ile kaboni inayeyukia ndani ya chuma kama chumvi inavyopotelea kwenye maji, japo chuma chenyewe bado hakijayeyuka. Ukikiacha kipoe polepole kaboni inapata muda wa kujitoa na kujipanga pembeni, chuma kinarudi laini. Ukikipoza ghafla kaboni inanaswa palepale ilipo kabla haijatoka, inasukumana na chembe za chuma zilizoizunguka, kila kitu kinabanana hakuna kinachoweza kuteleza juu ya mwenzake, na huko kubanana ndo ugumu wenyewe. Sasa kama kaboni haipo, utanasa nini? Unaweza kuchota bahari yote ya Hindi ukaitosea hiyo nondo, itatoka imepoa na imelowa, basi.

Nondo nyingi za ujenzi zina kaboni kama asilimia 0.2 hivi, na ni makusudi, kwasababu fundi wa zege anataka aipinde isikatike. Ili chuma kikaze kwa maana ya kushika makali kinataka angalau 0.5 au 0.6. Springi za majani za gari zinaanzia hapo, ndo maana wahunzi wanazigombania kule mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Tupa nzuri ina karibu asilimia 1 au zaidi kidogo, na ringi ya bering nayo ni kama 1. Kwahiyo tofauti ya nondo na tupa ni kitu kidogo mno kwa hesabu, karibu gramu moja kwenye kila gramu mia, lakini hiyo ndo kila kitu.

Utajuaje kama umeokota chuma skrepa hakina jina? Mi nawaambia watu kila siku, kabla hujapoteza jumapili yako nzima kiguse kwanza kwenye grenda. Chuma laini kinatoa cheche ndefu zilizonyooka, zina matawi machache mwishoni. Chenye kaboni nyingi kinatoa cheche fupi zinazopasuka pasuka kama fataki, matawi mengi, karibu na jiwe. Haispidi, kile chuma cha visu vya mashine na biti za drili, inatoa cheche chache nyekundu iliyofifia, hata hazipendezi. Weka kipande cha nondo mkono huu na tupa mbovu mkono huu uguse kimoja baada ya kingine, ukishaona mara moja husahau maisha yako yote. Ukiwa bado na wasiwasi kata kipande kama cha kidole, kichome, kitose, afu jaribu kukipiga tupa: tupa ikiteleza bila kung'ata basi kimekaza, ikila, tafuta chuma kingine.

Kuna mzee mmoja aliniambia mbona babu zetu walikuwa wanatosa tu kwenye maji na majembe yao yalidumu. Ni kweli mzee wangu, lakini mhunzi wa zamani alikuwa anakijua chuma chake tangu tanuruni. Kule Buhaya mkoani Kagera watafiti wa miaka ya 1970 walikuta kwamba matanuru ya wahunzi wa zamani sana yalikuwa yanatoa chuma chenye kaboni, kile kinachoitwa pua (steel), yaani kaboni ya mkaa ilikuwa inaingia kwenye chuma mlemle tanuruni. Hawakuwa wanaokota nondo ya kiwandani iliyopunguzwa kaboni makusudi afu wanashangaa.

Sasa nusu ya pili ya hii dhana, na hapa ndo watu wanaumia. Mtu anapata chuma sahihi, mfano tupa kuukuu, anaichonga inakuwa tindo, anaichoma anaitosa, inakaza kama kioo, anafurahi anachukua nyundo anapiga. Inapasuka. Mteja wangu mmoja kipande kiliruka kikampita chini ya jicho kikamwachia kovu, alikuwa hajavaa miwani. Chuma kikishakazwa bado hakijawa kifaa, ni lazima ukilegeze kidogo kwa kukirudisha kwenye joto la chini, na hii hatua naona watu wanaiona kama ya hiari. Sio ya hiari. Kisugue kwa msasa ing'ae uone chuma cheupe, afu pasha taratibu kwa nyuma, sio kwenye makali, uangalie rangi inavyotembea kuja mbele. Ikianza njano ya majani makavu hapo ni kama digrii 220, inafaa kitu cha kukwaruza na visu vidogo vya kukerezea shaba. Ikifika kahawia mpaka zambarau, 255 hadi 275 hivi, hapo ndo pa tindo na senta panchi (ile ya kuweka alama kabla ya kutoboa), tosa isiendelee. Bluu ni karibu 300, hiyo ni ya springi na bisibisi. Kama mama watoto ana oveni na hana neno, weka kwenye digrii 200 na kitu saa nzima, toa ipoe, rudisha saa nyingine. Matokeo yake yanatulia kuliko ya moto wa wazi. Kwa tindo lakini malizia kichwa na shingo kwa moto viende mpaka bluu, maana kichwa kigumu kinapigwa na nyundo ngumu afu kinarusha vipande.

Mambo mawili matatu ya moto, haya nayakazania kwa kila mtu. Usichome juani. Kwenye jua la saa saba chuma chekundu unakiona cheusi, unaongeza moto, unaongeza, mwisho umekiunguza, chembe zake zimekua kubwa kinakatika kama biskuti. Fanya kwenye kivuli au jioni. Na tumia sumaku, ifunge kwenye waya usiishike kwa mkono, gusisha mara kwa mara, chuma kikiacha kuvutwa na sumaku uko karibu digrii 770, ongeza kidogo tu, acha joto liingie mpaka ndani dakika moja mbili afu tosa. Tosa kwa kusimamisha wima usilaze, ukilaza upande mmoja unapoa kabla ya mwingine kinapinda. Springi na bering zitose kwenye mafuta, sio maji, maji yanapoza kwa ukali mno zinapasuka, utasikia "tii" ndani ya ndoo ujue ndo basi tena. Mafuta ya kupikia yanatosha kabisa, yapashe kwanza yawe ya moto kidogo kama digrii 50, yakiwa ya uvuguvugu yanakuwa mepesi na yanapoza vizuri zaidi kuliko ya baridi, watu wengi hawaamini mpaka waone. Afu uwe na kifuniko cha bati karibu maana mafuta yanaweza kushika moto.

Hapo hapo, ile oili chafu ya injini ambayo kila mtu anasema ndo bora eti inaongeza kaboni. Haiongezi chochote, sekunde chache za kutosa haziwezi kuingiza kaboni kwenye chuma. Unachopata ni moshi wenye mabaki ya metali na uchafu wa injini unaingia kwenye mapafu yako ndani ya kibanda cha mita tatu kwa tatu. Acheni.

Kama unang'ang'ania chuma laini, kuna njia ya kweli ya kukikaza ngozi ya juu na haihitaji pesa. Chukua boksi la chuma lenye kifuniko, weka mkaa uliotwangwa, changanya na magadi kama sehemu moja kwa tisa za mkaa, fukia kifaa chako humo ndani, ziba kifuniko kwa udongo wa mfinyanzi, weka kwenye moto mkali wa kama digrii 900 masaa matatu manne. Kaboni inaingia taratibu kutoka nje, utapata ngozi ya karibu nusu milimita. Toa utose kikiwa bado chekundu. Nje kigumu, ndani laini, safi kwa pini, kwa vishikio, kwa taya za vaisi. Kwa tindo bado haifai, ukinoa mara mbili tatu ngozi imeisha umerudi kwenye nondo.

Dhana nyingine nazipitia haraka, kila moja naanza na vile watu wanavyosema.

Kisu cha haispidi kikigeuka bluu kwenye grenda kimeharibika: sio kweli. Haispidi inashika ugumu wake mpaka karibu digrii 550 au zaidi, bluu inatokea 300 hivi, kwahiyo endelea kunoa. Kinachoiharibu ni wewe kuichovya kwenye kikopo cha maji ikiwa ya moto sana, inapata nyufa ndogo kwenye makali huzioni kwa macho, halafu unalalamika kisu kinamenyeka. Ama iache ipoe yenyewe, ama ichovye mapema na mara nyingi kabla haijapata joto. Hofu ya bluu ni ya chuma cha kaboni, kama ile tindo ya tupa, hiyo ikigeuka bluu kwenye makali kweli umeilegeza, inabidi urudie kukaza.

Visu vya kabaidi, vile vya ncha ngumu kuliko chuma, ndo vya kisasa kwahiyo ndo bora kwa kila mashine. Nimeona mtu kaacha kununua vaisi nzuri kanunua boksi la kabaidi kwa mashine ndogo ya mezani. Kabaidi inapenda mwendo, chuma laini unakikereza kwa mita 100 kwa dakika na kuendelea, kipande cha kipenyo cha milimita 12 hapo kinataka mizunguko kama 2650 kwa dakika, na mashine nyingi za nyumbani hazifiki au zikifika zinatetemeka. Haispidi ni mita 30 tu, mizunguko 800, inatulia, inakata laini, na unainoa mwenyewe umbo unalotaka. Mi kwa mtu anayeanza namwambia nunua vipande vitatu vya haispidi na ujifunze kunoa, mwaka mzima usiguse kingine.

Mashine ndogo haiwezi kutoa kazi laini. Inaweza. Karibu kila mashine "mbovu" niliyoitiwa kuangalia nimekuta kisu kiko juu au chini ya senta (katikati ya kipande kinachozunguka), kimetokezwa nje urefu wa kidole, na skrubu za pembeni zinazobana slaidi, ile sehemu inayoteleza na kisu, zimelegea hazijaguswa tangu itoke kwenye boksi. Gusisha ncha ya kisu kwenye senta ya nyuma, ile ncha iliyochongoka upande wa pili wa mashine, uone kama vinakutana, rudisha kisu ndani kibaki kifupi kadri inavyowezekana, kaza zile skrubu moja moja mpaka slaidi inatembea kwa uzito kidogo bila kucheza. Nusu saa. Mtetemo unaisha au unapungua sana, na hujanunua kitu.

Glavu zinakulinda ukiwa kwenye mashine. Kwenye kuchoma na kubeba vyuma vya moto, sawa. Kwenye drili na mashine ya kukerezea vua, vua kabisa, na mikono mirefu kunja, kanga au skafu isiwe shingoni. Ngozi tupu ikiguswa inachubuka, glavu inavutwa na mkono unafuata. Nilifanya kazi na mtu miaka mingi iliyopita alipoteza kidole cha shahada hivyo, na ilikuwa drili ya kawaida tu.

Yule kijana sijamrudisha mikono mitupu. Tumekata kipande cha springi ya Hilux, tukakipasha tukakiacha kwenye majivu usiku kucha kilegee kiweze kuchongwa, jumamosi kaja kachonga, jioni tukakichoma kwenye jiko la mkaa na feni ya kupulizia, sumaku ikaachia, tukatosa kwenye mafuta ya alizeti, tukalegeza mpaka zambarau. Kapiga nayo ile nondo yake ya milimita 16 mpaka ikakatika vipande viwili, makali hayajajikunja wala kumenyeka.