Mzalishaji wa Mafuta Anavyojikinga na Bei Asiyoipanga Yeye

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji Tanzania, inapotangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa, wengi wetu hapa Dar es Salaam tunatafuta tarakimu moja tu, ile itakayobandikwa kwenye kituo cha mafuta kilicho karibu na nyumbani. Kazi yangu hunilazimisha kuitazama bei hiyo kutoka upande wa kisimani. Kabla ya kurejea nyumbani nilifanya kazi kwa miaka kadhaa katika idara ya fedha ya kampuni inayochimba mafuta ghafi nje ya nchi, na sasa ninashughulika na usimamizi wa vihatarishi vya bei katika benki. Bei inaposhuka sisi wanunuzi tunapata nafuu, lakini mchimbaji hukosa usingizi. Nitaeleza anachokifanya ili alale.

Mchimbaji hapangi bei ya pipa lake. Pipa hilo, ambalo ni takriban lita 159, huuzwa kwa bei inayofuata alama za dunia, yaani bei za rejea za mafuta ghafi, kama Brent ya Bahari ya Kaskazini au WTI ya Marekani, huku gharama zake nyingi zikiwa hazisikilizi soko hata kidogo: riba ya benki, mishahara, ukodishaji wa mitambo na tozo za bomba. Julai 2008 Brent ilifika karibu dola 147 kwa pipa, na kabla ya mwaka huo kwisha ilikuwa chini ya dola 40. Katikati ya 2014 ilizidi dola 110, kisha Januari 2016 ikaanguka chini ya dola 30. Kisima ni kilekile na mafundi ni walewale, ila mapato yamebaki robo.

Wasomaji wa Kagera wanaijua butura, ule mtindo wa mkulima kuuza kahawa ingali maua kwa sababu ada ya shule haisubiri msimu. Serikali inaupiga vita, na kwa haki, kwa kuwa mnunuzi huondoka na mavuno yote kwa bei ya kutupa. Hata hivyo ndani ya butura kuna hitaji halali kabisa: mwenye mali itakayopatikana kesho anataka kuijua bei yake leo. Kinga ya bei ya mafuta inajibu hitaji hilo kwa njia nyingine, kwa sababu mzalishaji hakabidhi mafuta yake kwa mtu aliyeingia naye mkataba wa kinga. Mafuta anaendelea kumuuzia mwenye kiwanda cha kusafisha kwa bei ya siku. Pembeni anakuwa na mkataba mwingine, unaohusu tofauti ya bei peke yake, na unaomalizwa kwa fedha taslimu. Asiyeitenganisha mikataba hii miwili kichwani mwake ataichanganya pia mezani, kama nitakavyosimulia baadaye.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kampuni inazalisha mapipa 20,000 kwa siku, yaani 600,000 kwa mwezi wa siku thelathini. Uendeshaji unaigharimu dola milioni 21 kwa mwezi, na marejesho ya mkopo pamoja na riba ni dola milioni 12, jumla milioni 33. Hii ina maana kwamba kila pipa lisipoleta dola 55, mwezi huo kuna anayedai ambaye hatalipwa. Bei ya leo ni dola 75, na benki iko tayari kuingia nayo mkataba wa kubadilishana bei, ambao sisi tunauita swapu, kwa dola 72 kwa mapipa 300,000 ya kila mwezi wa mwaka ujao. Wastani wa bei ya mwezi ukiwa chini ya 72, benki inailipa kampuni tofauti. Ukiwa juu, kampuni inailipa benki.

Bei ikishuka hadi dola 50, mafuta yenyewe yanaleta dola milioni 30, na benki inaleta dola 22 kwa kila pipa lililokingwa, yaani milioni 6.6. Jumla ni milioni 36.6, sawa na dola 61 kwa kila pipa lililozalishwa, na wadai wote wanalipwa. Bila kinga kungekuwa na pengo la milioni 3 kila mwezi. Bei ikipanda hadi dola 95, mafuta yanaleta milioni 57, kampuni inailipa benki dola 23 kwa mapipa yale 300,000, yaani milioni 6.9, na inabaki na milioni 50.1, sawa na dola 83.5 kwa pipa. Imekosa sehemu ya neema, lakini haikuathirika hata chembe.

Hesabu hufuata wastani wa mwezi mzima kwa kuwa mafuta hayatoki kisimani kwa siku moja. Tarehe 20 Aprili 2020 mkataba wa WTI wa kupokea mafuta mwezi Mei ulifunga soko kwa dola 37.63 chini ya sifuri, maana waliokuwa nao hawakuwa na pa kuyahifadhi mafuta huko Cushing, Oklahoma, mahali mafuta ya mkataba huo yanapokabidhiwa, wakawa tayari kulipa ili wayakwepe. Kinga iliyofungwa kwa bei ya siku moja kama ile ingekuwa bahati nasibu.

Njia ya pili ni kununua haki ya kuuza kwa bei fulani bila kulazimika kuuza. Hii ndiyo inayofanana zaidi na bima: unalipa ada mapema, tuseme dola 3 kwa pipa, unapata sakafu ya dola 60, na bei ikipanda neema yote ni yako. Serikali ya Mexico imekuwa ikifanya hivyo kwa miaka mingi ili kulinda bajeti yake, ambayo inategemea mafuta. Kwa mwaka 2009 ililipwa zaidi ya dola bilioni 5, na kwa mwaka 2015 takriban bilioni 6.4. Katika miaka ambayo bei haikuanguka, ada ya karibu dola bilioni moja ilikwenda bila kurudi, na kila mara walikuwapo wanasiasa wa kuuliza zimeliwa wapi. Anayelipia bima ya gari mwaka mzima bila ajali haulizi hivyo.

Wengi hawapendi kutoa ada hiyo, kwa hiyo huchagua sakafu na dari, yaani wananunua haki ya kuuza kwa dola 60 na papo hapo kuiuzia benki haki ya kununua kwa dola 88, ada mbili zikafutana. Mabenki huuza bidhaa hii kwa jina la kinga isiyo na gharama. Jina hilo huwa linanichekesha, kwa sababu gharama ipo na ni neema yote iliyo juu ya dola 88. Kibaya zaidi ni pale mzalishaji anapotaka dari iinuke kidogo, akaamua kuiuzia benki haki ya tatu huko chini, ya kumuuzia yeye mafuta, tuseme kwa dola 45. Bei ikipita chini ya 45 sakafu yake inatoboka, anabaki na nyongeza ya dola 15 tu juu ya bei yoyote itakayokuwapo sokoni. Wazalishaji kadhaa wa Marekani waliingia katika miporomoko ya 2014 na 2020 wakiwa na kinga za aina hii, nao waligundua kwamba walikuwa wameuza ulinzi wao mahali hasa walipouhitaji. Mimi siipendekezi kwa kampuni yenye madeni.

Sasa nije kwenye ile meza. Bei zilipopaa mwanzoni mwa 2022 baada ya Urusi kuivamia Ukraine, kampuni niliyokuwa nikiitumikia ililazimika kuzilipa benki fedha nyingi kwa swapu tulizozifunga mwaka uliotangulia. Katika kikao cha bodi mjumbe mmoja alishika karatasi ya kinga peke yake, akasoma kiasi tulicholipa, na kuuliza kwa sauti ya upole iliyotisha kuliko kelele: ‘Ni nani aliyetupotezea fedha hizi?’ Mkuu wangu alieleza kwamba mauzo ya mafuta yenyewe yamepanda kuliko kiasi hicho, na kwamba mikataba ile ndiyo iliyoturuhusu kukopa. Hakusikilizwa. Robo iliyofuata tulielekezwa tupunguze kinga wakati bei iko kileleni, yaani wakati ambao mzalishaji angefurahi kufunga bei. Tangu hapo sikubali ripoti inayoonyesha matokeo ya kinga bila kuweka kando yake mapato ya mapipa yanayokingwa.

Kuna malipo ya kinga ambayo hata ripoti nzuri haiyatibu. Anayetumia mikataba ya soko rasmi la bidhaa huweka dhamana ya fedha taslimu, na kila siku bei inapokwenda kinyume chake hutakiwa kuiongeza siku hiyohiyo. Kisima hakijui haraka hiyo. Mafuta yatakayofidia pengo bado yako ardhini, yatauzwa baada ya miezi minane, ilhali fedha inatakiwa kesho asubuhi, na kampuni yenye mali tele inaweza kuanguka kwa kukosa fedha mkononi.

Mfano ulio karibu nasi ni wa dhahabu. Ashanti Goldfields ya Ghana ilikuwa imejikinga dhidi ya kushuka kwa bei kwa kiasi cha dhahabu kilichozidi mara kadhaa uzalishaji wake wa mwaka mmoja. Septemba 1999 benki kuu za Ulaya zilikubaliana kuweka ukomo wa dhahabu zitakayouza, na bei ikaruka ndani ya siku chache. Kwa mchimbaji wa dhahabu hiyo ingepaswa kuwa habari njema. Badala yake waliokuwa upande wa pili wa mikataba walidai dhamana, kampuni haikuwa na fedha ya kutosha, na mwaka 2000 ilibidi nusu ya mgodi wa Geita, huku kwetu Kanda ya Ziwa, iuzwe kwa AngloGold. Kampuni iliteseka kwa kupanda kwa bei ya kitu inachokiuza.

Ndiyo maana wazalishaji wa kati wa mafuta hupenda kufunga swapu na zilezile benki zinazowakopesha kwa rehani ya hifadhi ya mafuta iliyo ardhini. Benki ya namna hiyo haidai fedha taslimu kila bei inapopanda, kwa sababu bei ikipanda deni la kinga linakua, lakini na rehani inayolishikilia inakua pamoja nalo. Aghalabu benki hizo hufanya kinga kuwa sharti la mkopo, jambo ambalo wakurugenzi hulilalamikia kama kuingiliwa. Kwa maoni yangu, sharti hilo limeokoa kampuni nyingi kuliko ushauri wowote.

Kuna pia suala la alama ya bei. Kinga hufungwa kwa Brent au WTI, ila mafuta unayouza yana tabia zake na bandari yake. Mwishoni mwa 2018 mafuta mazito ya magharibi mwa Kanada yaliuzwa kwa punguzo lililozidi dola 40 chini ya WTI kwa kuwa mabomba yalikuwa yamejaa. Aliyekinga WTI peke yake alilindwa dhidi ya msiba ambao haukuwa wake. Swali hili litafika Tanga. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi kiasi kwamba bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limesanifiwa lipashwe joto njia nzima, na mnunuzi wa mafuta ya namna hiyo hukokotoa bei yake kwa kuanzia Brent, kisha kujumlisha au kutoa. Hiyo sehemu ya kujumlisha au kutoa haikingwi na mkataba wa Brent.

Kiasi cha kukinga kipimwe kwa deni, kisipimwe kwa utabiri wa bei. Katika mfano wetu swali ni mapipa mangapi yakifungwa yatahakikisha milioni 33 zinapatikana hata bei ikifika dola 45. Nusu ya mapipa inatosha kwa shida: mafuta yanaleta milioni 27 na benki milioni 8.1, jumla milioni 35.1, lakini uzalishaji ukipungua kwa asilimia kumi na tano mtambo ukiharibika, mafuta yanaleta chini ya milioni 23, jumla haifiki milioni 31.1. Hapo ningeenda asilimia 65 kwa mwaka wa kwanza, pungufu ya hapo kwa wa pili, na kidogo sana kwa wa tatu, nikiongeza kila robo mwaka bila kuangalia bei ya siku inasemaje. Asilimia mia sikingi kamwe, maana mtambo ukisimama wakati bei inapanda, mapipa yaliyokingwa hayapo na malipo ya benki yapo palepale. Na anayefunga mikataba asiwe ndiye anayeihakiki. Wawili hao wakae ofisi tofauti, na ikiwezekana kila mmoja awe na mkuu wake.