Frati Umekauka? Someni Isaya Kwanza

Nimetumiwa tena ile video: matope yaliyopasuka, sauti nzito, maandishi mekundu kwamba mto Frati umekauka na unabii umetimia, yaani ule wa Ufunuo 16:12: malaika anamimina kitasa cha sita (bakuli la ghadhabu ya Mungu) juu ya Frati, na maji yanakauka ili kuwatengenezea njia wafalme watokao mawio ya jua. Picha mojawapo wala si ya Frati. Ni magofu ya Kemune yaliyoibuka kwenye bwawa la Mosul, na huo ni mto Hidekeli (Tigris). Haya, tuliache hilo.

Maji yamepungua kweli: mvua haba, umwagiliaji, mabwawa kuanzia Uturuki hadi Iraki. Januari 1990 Uturuki iliuzuia mto karibu mwezi mzima ili kujaza bwawa la Atatürk, na wafalme wa mawio ya jua hawakutokea.

Kinachonikera ni watu kusoma Ufunuo 16:12 kana kwamba Biblia inaanzia hapo. Yohana anaandika akiwa amejaa manabii. Katika Isaya 44 Bwana anaviambia vilindi vikauke, na mstari unaofuata anamtaja Koreshi, mfalme wa Uajemi aliyeiteka Babeli. Yeremia 50:38 anatangaza ukame juu ya maji ya Babeli, na 51:13 anauita mji huo mkaaji wa juu ya maji mengi. Maji gani? Frati, uliopita katikati ya mji. Mto ukikauka, Babeli imekwisha. Ndiyo maana kitasa cha saba, mistari saba tu mbele, kinaitaja Babeli kwa jina. Kisha 17:15 malaika anayafasiri maji anayoketia yule kahaba aitwaye Babeli: jamaa na makutano na mataifa na lugha. Mmefasiriwa, jamani, bado mnapima kina cha mto!

Walimu wenzangu hupenda kumwongeza Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, eti Koreshi aligeuza mto, askari wakapita. Kisa kitamu. Lakini maandishi ya Koreshi mwenyewe kwenye udongo, yaliyoko British Museum, yanasema Babeli iliingiwa bila vita, na juu ya kugeuza mto hayana hata neno. Sijengi hoja hapo.

Wafalme wenyewe je? Wasikilizaji wa Yohana katika jimbo la Kirumi la Asia wangewafikiria Waparthi, maadui wa Roma ng'ambo ya Frati, waliowachinja Warumi pale Carrhae mwaka 53 KK. Darasani nimefundisha Koreshi, nimefundisha na Waparthi. Moyo wangu uko kwa Koreshi, kwa sababu ya Isaya. Ila kila nikirudi sura ya 9 ya Ufunuo, kwa malaika wanne waliofungwa penye Frati na lile jeshi la wapanda farasi, Waparthi wananirudia.