Namba ya kodi Uingereza si kibali cha kazi

Wageni wengi Uingereza huamini kwamba ukishapata namba ya mlipakodi, ile ya tarakimu 10 inayotolewa na HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, basi umeruhusiwa kujiajiri. Sivyo. HMRC hushughulikia kodi. Ruhusa ya kufanya kazi hutoka Uhamiaji, kupitia masharti ya viza yako. Mwenye viza ya mwanafunzi, kwa mfano, haruhusiwi kujiajiri, hata kama kodi yake imelipwa yote. Soma masharti hayo kwanza, tafadhali, kwa kuwa kuyavunja kunaweza kukufutia viza.

Kama unaruhusiwa, huhitaji kufungua kampuni. Mauzo yako yakizidi pauni 1,000 katika mwaka wa kodi, unaoanza Aprili 6 hadi Aprili 5, jisajili HMRC kabla ya Oktoba 5 inayofuata baada ya mwaka huo kuisha. Hapa wengi hukosea: kinachohesabiwa ni mauzo kabla ya kutoa gharama, wala si faida. Ritani ya mtandaoni, yaani taarifa ya mapato yako kwa HMRC, na malipo mwisho wake ni Januari 31 inayofuata. Ukichelewesha ritani hata siku moja, faini ni pauni 100, hata kama hudaiwi kodi yoyote.