Wakili, gaidi naye ana haki gani?

Juzi nimeulizwa tena, safari hii na kinyozi, wembe ukiwa shingoni: "Wakili, si apigwe tu awataje wenzake, yaishe?" Kwa heshima ya wembe nilinyamaza. Namjibu hapa.

Kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, dhamana, haki za aliyekamatwa katika Ibara ya 49 ya Katiba ya Kenya, hayo tuyaache. Kila mtu huyakumbuka siku anayokamatwa yeye. Nazungumzia kipigo.

Agosti 7, 1998, mabomu ya balozi za Marekani yaliua watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam. Mwaka 2001 washtakiwa wanne walifungwa maisha New York, katika mahakama ya kawaida, mashahidi wakihojiwa mbele ya watu. Ghailani, mshtakiwa mwingine wa mabomu hayo, mzaliwa wa Zanzibar, yeye alikamatwa Pakistan mwaka 2004, majasusi wa Marekani, CIA, wakamficha na kumbana ili aseme, kisha akapelekwa Guantanamo, gereza la jeshi la Marekani huko Cuba. Kesi yake iliposikilizwa New York 2010, Jaji Kaplan alimkataa shahidi aliyekuwa aeleze jinsi alivyomuuzia vilipuzi, kwa sababu shahidi huyo alipatikana kutokana na maneno aliyoyatoa Ghailani alipobanwa. Mashtaka yalizidi 280. Alikutwa na hatia kwa moja: njama ya kuharibu majengo. Majengo! Mashtaka ya mauaji yote yalianguka. Kifungo cha maisha alikipata, na siwezi kuapa kwamba shahidi yule angegeuza uamuzi. Lakini nenda ukamweleze mjane wa 1998 kwamba aliyehukumiwa alihukumiwa kwa ajili ya kuta.

Hapa Kenya, mtuhumiwa akikiri, sheria inataka awe mbele ya jaji, hakimu, au polisi asiyepeleleza kesi hiyo, pamoja na mtu wa tatu aliyemchagua mwenyewe. Watu huona ni kumdekeza. Niliwahi kushika maelezo ya mteja asiyejua kusoma: kurasa sita za Kiingereza cha kuvaa tai, chini dole gumba lililoteleza. Alikuwa amewataja watatu. Mmoja alikuwa anamdai kodi ya nyumba. Polisi walipoteza wiki nzima kwa huyo mwenye nyumba, na waliotafutwa kwa haki wakapata wiki nzima ya kutembea.

Na kama bomu la pili limeshategwa? Hapo sina jibu safi, na wapo niliowatoa rumande ambao hadi leo nikisikia mlipuko kwenye taarifa ya habari, moyo unakwenda kwao kwanza. Bado nisingempa mtu rungu. Aliyepigwa husema chochote cha kusimamisha rungu, na bomu lisubiri.

Jumamosi narudi kunyoa. Nitamwomba atumie mashine.