Mwalimu wa ushauri nasaha tumpe mlango na muda

Mimi ni afisa ustawi wa jamii, napita shule nyingi na karibu kila nnapoenda namkuta mwalimu wa malezi na ushauri nasaha ana vipindi vyake kama wenzie, madaftari ya kusahihisha yamejaa mezani, alafu watoto wenye shida zao wanamvizia mapumziko. Kazi yake hatuioni. Mwalimu wa hesabu akifaulisha matokeo yanabandikwa ukutani, ila yule binti aliyetaka kuacha shule akaghairi habandikwi popote, na haitakiwi, ile ni siri yake.

Wengi wanadhani ushauri nasaha ni kumkalisha mtoto na kumsema. Hapana jamani. Anayeijua kazi anaanzia mbali, mtoto alikua anakaa mbele sahivi anasinzia kipindi cha kwanza, hamuulizi mbona umefeli, anamuuliza jana ulilala saa ngapi, na hapo ndo unasikia mama anaumwa mwezi wa pili sasa, mtoto ndo anapika, anaogesha wadogo zake, maji anafata yeye, daftari analishika saa tano usiku. Ungemchapa huyo ungepata nini?

Siri yenyewe ina mpaka. Mtoto akisema anafanyiwa ukatili, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hapa Tanzania inamtaka mtu yeyote kwenye jamii atoe taarifa, kwahiyo mwalimu anatuita sisi ustawi au dawati la jinsia na watoto pale polisi, na lawama zinaanza hapo hapo, anaambiwa anavunja nyumba za watu. Wazazi naomba tusimfanyie hivyo, inamuumiza sana.

Alafu kuna mabinti waliorudi darasani baada ya kujifungua, ule waraka wa serikali wa 2021 wa kuwaruhusu kurudi shule umewafungulia geti, sawa, ila wiki ya kwanza wenzie wananong'ona, maziwa yanamvuja kwenye shati, nani anakaa nae? Ni huyo huyo mwalimu, na kipindi cha Form Two kinamsubiri.

Shule moja nilikuta anaongea na mtoto kwenye stoo katikati ya madawati mabovu. Mtoto ndo kwanza ameanza kufunguka, akaingia mtu kuchukua boksi la chaki, mtoto akajifuta macho na mkono wa sweta akasema "nimemaliza mwalimu", akatoka. Hakurudi wiki nzima.

Ndo maana wakuu wa shule nikiwaona siwaambii wampe cheti, nawaambia wampunguzie vipindi hata viwili vitatu na wampe chumba chenye mlango unaofungwa. Mzazi na wewe, mwanao akibadilika nenda kamwambie mwalimu huko nyumbani kuna nini, msiba, ugomvi, chochote, usimwache akisie. Na shule zikifungwa, mtoto mwenyewe au jirani anaweza kupiga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

Ile stoo nilirudi muhula uliofata. Madawati yametolewa, kuna viti viwili na komeo kwa ndani.