Kiingereza, hesabu na mantiki: namna ya kujifua kwa usaili wa mchujo

Mwaka 2014 Idara ya Uhamiaji ilipotangaza nafasi 70 za kazi, waombaji zaidi ya 10,000 walifurika Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam, wakajaza viti vya mashabiki kusubiri usaili. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilitangaza nafasi 1,596 na waombaji wakapita 130,000, yaani watu zaidi ya 80 wanagombea nafasi moja. Hakuna mwajiri anayeweza kuketi ana kwa ana na umati kama huo. Ndiyo maana kuna mchujo wa kuandika, na ndiyo maana mchujo ndio unaoangusha wengi kuliko hatua nyingine zote.

Mchujo wa taasisi nyingi hupima taaluma: mhasibu huulizwa uhasibu, muuguzi huulizwa uuguzi. Lakini benki, mashirika ya kimataifa, kampuni kubwa na baadhi ya taasisi za umma huongeza, au hutanguliza, jaribio la uwezo wa jumla lenye sehemu tatu: Kiingereza, hesabu na kufikiri kimantiki. Hapo ndipo mhitimu mwenye GPA nzuri hutoka ukumbini akisema, "Maswali yalikuwa rahisi, muda tu haukutosha." Anasema kweli. Ila muda haukupungua kwa bahati mbaya. Ni sehemu ya kinachopimwa.

Swali moja moja si gumu. Hesabu zake kwa kawaida hazivuki kidato cha pili, na Kiingereza chake ni kile cha barua za ofisini. Ugumu unatoka kwenye saa. Mfano mzuri ni mtihani wa Staff Selection Commission wa India kwa wahitimu wa vyuo wanaowania kazi serikalini, ambao maswali yake yamejaa mtandaoni na vijana wetu wengi huyatumia kufanyia mazoezi. Hatua yake ya kwanza ina maswali 100 ya kuchagua kwa dakika 60: mantiki 25, maarifa ya jumla 25, hesabu 25, Kiingereza 25. Ukigawa, ni sekunde 36 kwa swali, kusoma na kujibu.

Kwa sekunde hizo, desa halisaidii. Anayekariri majibu ya usaili uliopita anabeba jibu la swali ambalo halitarudi, kwa sababu mtunzi akibadilisha namba mbili tu swali ni jipya. Na wanaouza "maswali yaliyovuja" kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram wanauza matumaini. Hela hiyo heri ununulie bando.

Tunaofanya kazi ya kupima uwezo wa waombaji huulizwa mara nyingi: mtu wa kumhudumia mteja dirishani anahitaji mfuatano wa namba wa nini? Swali ni la haki. Majaribio haya yalipata nguvu mwaka 1917, jeshi la Marekani lilipoanza kuwapima askari kwa makundi makubwa. Hadi vita vinaisha, askari wapatao milioni 1.7 walikuwa wamepimwa. Tangu hapo watafiti wamelinganisha alama za majaribio na utendaji wa watu kazini. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 1998 uliweka uhusiano huo kwenye 0.51, pale ambapo 1 ingekuwa utabiri kamili. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2022 ukaushusha hadi 0.31. Kwa hiyo jaribio lina maana, lakini si kipimo cha utu wala cha bidii yako. Ni ungo. Kazi yako ni kuupita.

Kusoma tena hakutoshi

Watu wengi hujiandaa kwa kusoma maswali yaliyokwisha kujibiwa, wakitikisa kichwa kila mstari: naam, naelewa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kundi moja lilisoma kifungu mara nne. Jingine lilisoma mara moja, kisha likafunika na kujaribu kukikumbuka mara tatu. Baada ya dakika tano, waliosoma tu walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 61, waliosoma tu asilimia 40. Kile kinachokupa raha ya "nimeelewa" leo usiku sicho kitakachokuokoa Jumamosi ijayo.

Jambo la pili ni kuchanganya. Katika utafiti wa mwaka 2007 kuhusu hesabu za ujazo wa maumbo, waliofanya maswali ya aina moja kwa mfululizo walipata alama za juu wakati wa mazoezi, asilimia 89, dhidi ya 60 za waliochanganya. Wiki moja baadaye waliofululiza walipata 20, waliochanganya 63. Sababu inaeleweka. Ukifanya maswali ishirini ya asilimia mfululizo, huhitaji tena kujiuliza hili ni swali la aina gani. Kwenye chumba cha usaili hakuna anayekuandikia kichwa cha mada juu ya swali.

Kwa hiyo kaa chini na maswali kumi na tano yaliyochanganywa, weka saa ya simu dakika kumi na mbili, kisha sahihisha. Kusahihisha ndiko kwenye faida. Fungua daftari la makosa, na kila ulichokosa kiingize katika moja ya safu tatu: sikujua; nilijua lakini nilichelewa; nilisoma vibaya. Kwa wengi safu ya tatu ndiyo hujaa haraka kuliko walivyodhani. Swali liliuliza "ipi SI sahihi", wewe ukatafuta iliyo sahihi. Liliuliza dakika, ukajibu saa. Kosa la namna hiyo haliponi kwa kujifunza kanuni mpya. Linapona kwa kupigia mstari neno linaloamrisha kabla ya kugusa majibu.

Hesabu: asilimia kwanza

Kwa miaka mingi hisabati imekuwa na ufaulu mdogo sana katika matokeo ya kidato cha nne, na hofu hiyo wengi wanaibeba mpaka ukubwani. Habari njema ni kwamba huhitaji hisabati yote. Ukimudu asilimia, uwiano, wastani, mwendo na kusoma majedwali, umeshika sehemu kubwa ya sehemu hii.

Anza na asilimia, tena kwa kichwa, kwa kuwa vikokotoo aghalabu haviruhusiwi. Asilimia 35 ya 84,000: asilimia 10 ni 8,400, mara tatu ni 25,200, ongeza nusu ya 8,400 ambayo ni 4,200, unapata 29,400. Fanya hivyo sokoni, fanya kwenye risiti, mpaka isiwe kazi tena.

Kisha jifunze mitego. Bei ikipanda asilimia 20 halafu ikashuka asilimia 20, hairudi ilipokuwa: 100 inakuwa 120, na asilimia 20 ya 120 ni 24, inabaki 96. Mtego mwingine: bidhaa inauzwa shilingi 59,000 pamoja na VAT ya asilimia 18, bei kabla ya kodi ni ngapi? Wengi hutoa asilimia 18 ya 59,000 na kupata 48,380, na jibu hilo utalikuta limewekwa makusudi kati ya chaguo nne. Kodi ilitozwa juu ya bei ya mwanzo, si juu ya 59,000. Gawanya kwa 1.18 upate 50,000. Mtunzi hapangi majibu ya uongo ovyo. Anakaa kwanza akijiuliza mtu mwenye haraka atakosea vipi.

Wastani wa mwendo nao umewaangusha wengi. Gari limekwenda kwa kilomita 60 kwa saa na kurudi njia ileile kwa 40. Si 50. Chukua umbali wowote, tuseme kilomita 120: kwenda saa 2, kurudi saa 3, jumla kilomita 240 kwa saa 5, wastani 48.

Na hapa mzungumzaji wa Kiswahili ana nafuu ambayo haitumii. Basi limeondoka 8:45 am na kufika 3:20 pm. Safari ilichukua muda gani? Kwa saa ya Kizungu inabidi uvuke adhuhuri. Igeuze iwe saa yetu: limeondoka saa 2:45, limefika saa 9:20. Toa moja kwa moja: saa 6 na dakika 35. Siku yetu huanza kuhesabiwa asubuhi, kwa hiyo safari nyingi za mchana hutoshea bila kuvuka popote.

Mifuatano ya namba haina siri kubwa. Angalia tofauti kwanza: 2, 6, 12, 20, 30 zina tofauti za 4, 6, 8, 10, hivyo inayofuata ni 42. Tofauti zikikataa, angalia kama mifuatano miwili imesukwa pamoja: 5, 20, 7, 17, 9, 14, moja inapanda kwa 2, nyingine inashuka kwa 3, na inayofuata ni 11. Sekunde arobaini zikipita bila kuona kitu, ruka. Ubishi na swali moja hula nafasi ya maswali matatu.

Mantiki: acha unayoyajua nje ya mlango

Sehemu hii huwaumiza hata wasomi, kwa sababu inawataka wasahau wanachokijua. "Madereva wote wanaotii sheria hufunga mkanda. Juma amefunga mkanda. Je, Juma anatii sheria?" Maisha yanakwambia huenda ndiyo. Maelezo hayasemi hivyo: miongoni mwa waliofunga mkanda wanaweza kuwemo wasiotii mengine yote. Jibu ni kwamba haiwezekani kujua.

Vivyo hivyo: wahasibu wote hapa wana shahada; baadhi ya wenye shahada ni wakulima. Je, baadhi ya wahasibu ni wakulima? Si lazima. Chora duara la wahasibu ndani ya duara la wenye shahada, kisha uone kwamba duara la wakulima linaweza kugusa upande wa pili bila kuwafikia wahasibu hata mmoja. Kuchora kunachukua sekunde tano na kunamaliza ubishi. Uwe macho na maneno "wote", "baadhi", "tu", "angalau" na "hakuna". Hayo ndiyo yanayoamua jibu, si majina ya watu wala kazi zao.

Kiingereza: makosa yetu yanajulikana

Kukariri orodha ya misamiati migumu ni jasho la bure kwa mtu mwenye mwezi mmoja. Afadhali uanze na makosa yanayojirudia miongoni mwetu. Kiambishi "-ni" kinabeba mezani, chumbani na sokoni kwa pamoja. Kiingereza kinavitenga: "on the table", "in the room", "at the market". Tunasema "kujadili kuhusu", basi tunaandika "discuss about", wakati "discuss" haitaki "about". "Information" na "equipment" hazichukui "s". "Despite" haifuatwi na "of".

Upatanisho wa kiima na kitenzi huogopwa bila sababu. Ukiulizwa uchague kati ya "The list of applicants was posted" na "were posted", rudi nyumbani kidogo: nani angesema "orodha ya waombaji wametolewa"? Tunasema imetolewa, kwa kuwa kinachotawala ni orodha. Kiingereza hapo kinafuata njia ileile, kwa hiyo "was". Mtu aliyezoea ngeli tangu utotoni ana sikio la jambo hili. Tatizo ni kwamba akifika kwenye Kiingereza analizima.

Katika ufahamu, viunganishi vina thamani kuliko maneno makubwa: "although", "unless", "whereas", "however". Sentensi yenye "unless" hugeuza maana yote, na mtunzi anajua unakimbia. Zoezi linalofaa ni hili: soma tahariri moja ya gazeti la Kiingereza, lifunge, kisha useme kwa Kiswahili, kwa sentensi mbili, mwandishi anadai nini na kwa sababu gani. Ukishindwa, hukuelewa, hata kama kila neno ulilijua. BBC Learning English ni bure, na maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya hisabati vya sekondari.

Kubahatisha

Soma tangazo la wito na maelekezo ya juu ya karatasi: je, jibu lisilo sahihi linakatwa alama? Kama halikatwi, kuacha nafasi tupu ni kutupa alama. Kama linakatwa, piga hesabu. Kwenye mtihani wa India niliotaja, jibu sahihi ni alama 2 na kosa linakata 0.50. Ukibahatisha kati ya majibu manne bila kujua lolote, kwa wastani unapata robo ya 2, yaani 0.5, na unapoteza robo tatu ya 0.50, yaani 0.375, bado una faida ndogo. Pale kosa linapokata theluthi ya alama ya swali, kubahatisha kipofu hakukupi wala hakukunyang'anyi. Lakini ukishaondoa jibu moja unalojua haliwezekani, hata hapo hesabu inaelemea upande wako, basi jibu.

Fanya mzunguko wa kwanza kwa maswali unayoyaona njia yake mara moja, wekea alama yaliyobaki, rudi kwayo mzunguko wa pili. Dakika mbili za mwisho usianze hesabu mpya: hakikisha kila jibu liko kwenye namba yake ya swali, na kama hakuna makato, jaza kila nafasi tupu.